Albamu tatu za kurudi: uanze na Maiden, Metallica au Sabbath?

Mtu akianza kuupenda muziki wa metali, hachukui muda kukutana na maneno haya: "wamerudi kwenye asili yao." Hubandikwa karibu kila albamu ambayo bendi kongwe inaitoa baada ya miaka ya kuyumba, mpaka maneno yenyewe yamechakaa. Ukiwa na jioni moja tu ya kusikiliza kwa utulivu, hayakusaidii kuchagua. Kwa hiyo nimeweka tatu mezani: Brave New World ya Iron Maiden (2000), Death Magnetic ya Metallica (2008) na 13 ya Black Sabbath (2013).

Nimezichagua kwa sababu kila moja ilirudi kwa njia yake. Maiden walirudisha watu. Metallica walirudisha namna ya kupiga. Sabbath walirudi mpaka kisimani, kwenye albamu yao ya kwanza kabisa. Nauweka wazi msimamo wangu mapema, usome ukijua niko upande gani: kwangu ya Maiden ndiyo bora kati ya hizi, kwa kuwa waliporudi hawakujaribu kujiiga. Lakini iliyo bora kwangu si lazima ndiyo inayokufaa wewe, na yupo msikilizaji ambaye ningemkabidhi 13 bila kusita.

Walikuwa wamefika wapi

Safari ya kurudi hupimwa kwa umbali mtu aliokwenda. Maiden walianza kupungukiwa mwaka 1990, mpiga gitaa Adrian Smith alipoondoka. Mwaka 1993 mwimbaji Bruce Dickinson naye akaaga. Nafasi yake ikachukuliwa na Blaze Bayley, aliyeimba katika albamu mbili, za 1995 na 1998. Bayley ana sauti ya chini, nzito, yenye huzuni, na kuna nyimbo zake ninazozipenda mpaka leo. Shida ni kwamba nyimbo za zamani zilitungwa kwa koo linalopaa, naye alitakiwa kulifuata huko juu kila usiku wa onyesho. Mwaka 1999 Dickinson na Smith wakarudi pamoja. Janick Gers, aliyeshika nafasi ya Smith miaka yote hiyo, hakuondolewa. Ndivyo bendi ya magitaa mawili ilivyokuwa ya matatu.

Metallica hawakumpoteza mwimbaji, walipoteza mwelekeo. Albamu yao ya 1991 iliwafungulia dunia nzima, na kuanzia hapo wakapunguza mwendo, wakasogea karibu na roki ya redioni. Mwaka 2001 mpiga besi Jason Newsted aliacha bendi, na James Hetfield akaingia kwenye matibabu ya uraibu. St. Anger ya 2003 ilizaliwa katika hali hiyo: besi imepigwa na mtayarishaji wao Bob Rock, nyuzi za magitaa zimelegezwa mpaka chini kabisa, hakuna solo (pale gitaa linapopiga peke yake mbele ya bendi) hata moja, na ngoma ndogo ya Lars Ulrich inalia kama debe tupu. Ina ukweli mwingi ndani yake, maana ni sauti ya watu waliokuwa wakiumia kweli, lakini si albamu ya kumkaribishia mgeni.

Sabbath ndio waliokuwa mbali kuliko wote. Ozzy Osbourne alifukuzwa mwaka 1979, na albamu ya mwisho ya studio aliyoimba nao ni ya 1978. Walishaanza kukutana jukwaani tangu 1997, ila albamu nzima haikuja. Tarehe 11 Novemba 2011 wakatangaza kwamba wote wanne wa mwanzo wanaingia studio. Mwanzoni mwa 2012 mambo mawili yakawaangukia kwa mfuatano: mpiga gitaa Tony Iommi aligundulika kuwa na saratani ya limfu, na mpiga ngoma Bill Ward akasema mkataba aliopewa haumridhishi, akabaki nje. Kazi ikaendelea huku Iommi akitibiwa, na kwenye ngoma akaketi Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine.

Brave New World: watu sita, chumba kimoja

Maiden waliingia studio ya Guillaume Tell, Paris, wakiwa na mtayarishaji Kevin Shirley, wakapiga pamoja kwa wakati mmoja badala ya kila mtu kurekodi sehemu yake peke yake. Jambo hilo linasikika. Chukua sekunde za mwanzo za "The Wicker Man". Gitaa moja linatamka rifu (kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, ambacho ndicho uti wa mgongo wa wimbo wa metali) likiwa peke yake, kavu, bila ngoma. Kisha Nicko McBrain anaingia na ngoma zake na bendi nzima inamwagika nyuma yake. Umeme huo huwezi kuutengeneza kwa kuunganisha vipande.

Wengi walihofu kwamba magitaa matatu yatakuwa makelele matupu. Hayakuwa, kwa sababu watu hawa watatu hawafanani. Smith hupiga kwa mpango, kila noti imepimwa kabla haijatoka. Noti za Dave Murray huteleza, moja inamiminika ndani ya nyingine. Gers hurusha, wakati mwingine anakosa shabaha, lakini akipata, wimbo unawaka. Ukisikiliza solo zikipokezana, baada ya mara tatu au nne utaanza kuwatambua kwa mkono, kama unavyomtambua ndugu yako kwa mwandiko.

Wimbo wa kuupa nafasi zaidi ni "Blood Brothers". Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi wa bendi, aliutunga akimkumbuka baba yake aliyefariki. Mwendo wake ni wa mapigo ya tatu-tatu, unayumba taratibu kama dansi ya zamani, na kiitikio chake kimejengwa kwa watu wengi kukiimba pamoja. Dickinson anauanza kwa sauti ya kawaida kabisa, karibu ya mazungumzo, na kufikia mwisho koo lote limefunguka. Miaka sita nje ya bendi haikumwondolea kitu.

Kasoro? Ipo, na ni ya Harris. Akipata kiitikio anachokipenda hakiachi. Wimbo uliobeba jina la albamu unakirudia kupita kiasi, na kati ya "Dream of Mirrors" na "The Nomad", kila mmoja zaidi ya dakika tisa, kuna mahali nawaza dakika mbili zingepunguzwa. Albamu nzima ni kama dakika 67. Siyo ya kusikiliza ukiwa na haraka.

Lililonishawishi kwamba huku kulikuwa kurudi kwa kweli lilitokea Rio de Janeiro, Januari 2001, katika onyesho walilolirekodi na kulitoa kama albamu. Walipiga nyimbo sita kutoka albamu mpya, zikachanganywa na zile za miaka ya 1980, na hazikuonekana ndogo mbele ya wakubwa zao. Kisha Dickinson akaimba mbili za enzi ya Bayley, "Sign of the Cross" na "The Clansman", akaziimba kwa moyo wote kana kwamba zilitungwa kwa ajili yake. Bendi inayorudi kwa hofu hujaribu kuifuta miaka iliyopotea. Hawa waliibeba pamoja nao.

Death Magnetic: mwendo umerudi, pumzi imebanwa

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiyo albamu yenye mvutano mkubwa kuliko zote tatu: nyimbo nzuri zilizofungiwa ndani ya sauti inayozidhuru.

Kwanza nyimbo. Metallica walimwacha Bob Rock baada ya miaka mingi, wakamchukua Rick Rubin, naye akawasukuma wafikiri kama vijana waliorekodi Master of Puppets mwaka 1986. Nyuzi za magitaa zikapandishwa tena. Solo za Kirk Hammett zikarudi, na anazipiga kama mtu aliyefungwa mikono kwa miaka mitano. Robert Trujillo, aliyejiunga 2003, akapata albamu yake ya kwanza kwenye besi. Inafunguliwa na mapigo ya moyo, kisha gitaa safi la taratibu, kisha kasi. Kati ya nyimbo kumi, tisa zinapita dakika sita. Rifu hazirudiwi tu. Zinageuka, zinakatika, zinaingia mlango usioutarajia. "All Nightmare Long" ndio ningempigia mtu asiyeamini kwamba bado wana meno.

Kuna kitu kidogo ambacho mpenzi wa zamani atakiona mara moja. Kwenye albamu zao za 1984, 1986 na 1988, wimbo wa nne ndio ule unaoanza polepole, kwa huzuni, halafu unalipuka mwishoni. Hapa wimbo wa nne ni "The Day That Never Comes", na umefuata ramani ile ile: magitaa mepesi, ubeti wa taratibu, kisha dakika za mwisho mbio tupu. Mimi huufurahia kila mara. Lakini huufurahia kama mtu anayejua kona inayofuata, na hilo ndilo linaloitofautisha na albamu ya Maiden, ambayo kona zake sikuzijua.

Sasa sauti. Unaporekodi ngoma, pigo moja hupanda juu kwa ghafla kisha hushuka. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakolipa pigo uzito wake kifuani. Ili albamu ionekane na sauti kubwa kuliko nyingine, mafundi huinua kila kitu kilicho chini na kukata vilele vilivyo juu, mpaka wimbo wote unakaa kwenye kimo kimoja. Ukikata kupita kiasi, vilele vilivyokatwa huanza kukwaruza. Death Magnetic ilikatwa kupita kiasi. Vaa hedifoni nzuri usikilize ngoma kwenye "The Day That Never Comes" wimbo unapochangamka: kuna mkwaruzo mkavu juu ya kila pigo, kama spika iliyochanika. Hetfield akinyamaza na magitaa yakashuka, sauti haishuki nayo inavyopaswa. Baada ya dakika 40 masikio yamechoka, na zimebaki dakika 34 nyingine.

Hili halikuwa lalamiko la watu wachache wenye masikio makali. Albamu ilipotoka Septemba 2008, nyimbo zake ziliingizwa pia kwenye mchezo wa Guitar Hero, zikiwa hazijabanwa hivyo. Wasikilizaji wakaziweka pamoja na kusikia tofauti waziwazi: mchezo wa video ulikuwa na sauti bora kuliko diski. Ted Jensen, fundi aliyefanya hatua ya mwisho ya kuiandaa albamu, alisema kazi ilimfikia ikiwa tayari imebanwa. Maelfu ya mashabiki walitia saini ombi la kutaka ichanganywe upya. Naumia kuliandika hili, kwa sababu bendi ilikuwa imefanya sehemu ngumu, ya kutunga, na ikaangushwa na sehemu ambayo ilikuwa ndani ya uwezo wa watu kuirekebisha.

Ushauri wangu ukiichagua: punguza sauti kuliko ulivyozoea, na uisikilize kwa vipande viwili, nyimbo tano tano. Utaipata ladha yake bila kuchoka.

13: mvua ile ile

Rubin tena. Safari hii aliwaketisha Sabbath wasikilize albamu yao ya kwanza, ile ya Februari 1970, akawaambia waanzie hapo. Ndiyo maana 13 haina haraka. Nyimbo nane, kama dakika 53. "End of the Beginning" inaanza kwa rifu nzito inayojikokota, kisha katikati inabadilisha mwendo na kukimbia, sawasawa na wimbo ulioifungua albamu ya 1970. "Zeitgeist" ni ya gitaa kavu na ngoma za mikono, na mtu aliyesikia wimbo wao wa zamani, "Planet Caravan", atajua imetoka wapi. "Damaged Soul" ni bluzi ya matope kabisa, Ozzy akipuliza harmonika.

Ukitaka kujua kwa nini bendi hii ina uzito usioigika, angalia mkono wa kulia wa Iommi. Akiwa na miaka 17, kijana wa kiwandani Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili, tena ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki aliyoiyeyusha kutoka kwenye chupa, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Kulegea huko kukawa sauti ya muziki mzima. Kwenye 13, zaidi ya miaka 40 baadaye, akiwa mgonjwa, bado anapiga noti moja na kuiacha ining'inie mpaka uione. Hakuna kati ya hizi tatu yenye gitaa zito kama hili.

Anayekosekana ni Ward. Ward alikuwa na mkono wa jazi: alichelewa kidogo, akawahi kidogo, akalijaza pengo kwa mizunguko isiyotarajiwa, na hivyo rifu nzito zikapata kiuno. Wilk ni mpiga ngoma imara, anatunza muda vizuri, lakini anapiga kwa mstari ulionyooka. Kwenye "Age of Reason" unasikia bendi ikitafuta ule mteremko wa zamani na kutoupata. Geezer Butler anajitahidi kuuziba kwa besi yake, na besi yake hapa ni ya ajabu, tembea nayo wimbo mzima wa "God Is Dead?" utaona. Lakini pengo ni pengo. Sauti ya Ozzy nayo imekaa ndani ya noti chache, haipandi tena. Sioni ubaya, uzee wake unayafaa maneno ya nyimbo zenyewe, ambazo karibu zote zinazunguka kifo na imani.

Sauti ya albamu imebanwa pia, si kwa kiasi cha Death Magnetic. Mwendo wa polepole unaipa nafasi ya kupumua.

Zikikaa bega kwa bega

Kama kigezo chako ni mwimbaji, hakuna shindano: Dickinson. Kama ni kasi na utata wa kupiga, Metallica. Uzito, Sabbath. Usafi wa sauti, Maiden tena, kwa mbali.

Chati zisikupotoshe. Death Magnetic iliuza nakala zipatazo 490,000 Marekani kwa siku tatu za kwanza na kuingia nambari moja. 13 ilishika nambari moja Uingereza, mara ya kwanza kwa Sabbath tangu 1970, na Marekani ilikuwa mara yao ya kwanza kabisa kufika hapo. Zote mbili zilizaa nyimbo zilizoshinda tuzo ya Grammy ya metali, "My Apocalypse" na "God Is Dead?". Brave New World iliishia nambari saba Uingereza. Lakini tazama kilichofuata. Maiden waliendelea na watu wale wale sita kwenye albamu baada ya albamu hadi 2021. Metallica walichukua miaka minane kutoa albamu nyingine yao wenyewe. Kwa Sabbath, 13 ilikuwa ya mwisho.

Tofauti hiyo naiona imeanzia kwa mtayarishaji. Rubin aliwapa Metallica na Sabbath kioo na kuwaambia wajitazame walivyokuwa. Kioo kinamnyoosha mtu mgongo, ila pia kinamzuia kutembea. Maiden hawakuwa na kioo. Walikuwa na rafiki wawili waliorudi na nyimbo mfukoni.

Uchukue ipi

Kama hujawahi kusikiliza bendi yoyote kati ya hizi, chukua Brave New World. Anza na "The Wicker Man", ruka hadi "Blood Brothers", kisha siku nyingine usikilize yote kutoka mwanzo. Haikudai uwe umesoma historia ya bendi.

Kama ulishaipenda Metallica ya miaka ya 1980 na ukakata tamaa nayo, Death Magnetic imeandikwa kwa ajili yako. Mgeni kabisa nisingempa. Ningempa zile za 1984 na 1986 kwanza, kisha hii ataielewa.

Na kama unapenda muziki wa polepole, wa usiku, au kuna mtu unayemuaga na hujui pa kuanzia, 13 ndiyo yako. Inasikika tofauti sasa kuliko 2013. Julai 5, 2025, kwenye uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, wale wanne wa mwanzo walisimama jukwaani pamoja, Ward akiwa kwenye ngoma. Siku 17 baadaye Ozzy alifariki.

Ukipata toleo lenye nyimbo tatu za nyongeza, ziache kwanza, uishie kwenye wa nane, "Dear Father". Unafifia ndani ya mvua, radi na kengele. Usizime. Weka albamu ya 1970 papo hapo, maana ndivyo inavyofunguka: mvua, radi, kengele, kisha gitaa la kijana mwenye vidole vya plastiki.